Usiulize "yapi", uliza "mangapi"

Mwulize mtu ana kwa ana kama alipewa chochote ili apige kura, atakujibu hapana. Anajistahi, na wewe ni mgeni uliyeshika dodoso. Miaka yangu ya kwanza ya udodosaji nilikuwa narudi na "hapana" tupu, mpaka nilipofundishwa swali la orodha.

Wagawe wahojiwa makundi mawili kwa bahati nasibu. Mdodosaji asiachiwe kuchagua, maana mzee mkali atasomewa orodha fupi tu. Kundi la kwanza lisomee mambo manne ya kampeni. La pili lisomee hayohayo na la tano: alipewa fedha au zawadi. Kisha sema: "Usinitajie yapi. Niambie ni mangapi yalikutokea." Ahesabu kwa vidole, mkono ukiwa mgongoni.

Tuseme wastani wa kundi la kwanza ni 1.7, la pili 1.9. Ile 0.2 iliyozidi ndiyo jibu lako: watu 20 hivi katika kila 100. Ni akina nani? Hujui, na ndiyo maana walikujibu. Nchini Nicaragua, baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2008, watafiti walitumia njia zote mbili. Walipouliza waziwazi, waliokubali hawakufika 3 kati ya 100; orodha ikaonyesha karibu robo.

Ugumu uko kwenye kuchagua yale manne. Orodha yangu ya kwanza niliiharibu mwenyewe kwa kujaza mambo yanayomkuta kila mtu: kuona mabango, kusikia matangazo ya redio, kuzungumzia wagombea na jirani. Mzee mmoja akanitazama, akacheka: "Mwanangu, nikikwambia matano, si utakuwa umeshanijua?" Sikuwa na jibu. Ukijaza mambo adimu matupu, mambo yanageuka: anayesema "moja" ndiye aliyejianika. Changanya. Weka moja la kawaida, moja adimu, na mawili ambayo si rahisi yote yamkute mtu yuleyule, kwa mfano kwenda kwenye mikutano ya chama tawala na kwenda ya upinzani. Ijaribu kwa watu 30 kabla ya kwenda uwandani; wengi wakijibu sifuri au yote, anza upya.

Gharama yake ni sampuli. Kwa watu 1,000, swali la waziwazi lina kosa la pointi 3 za asilimia hivi juu au chini. Orodha, kwa watu haohao, inaweza kufika 10, kwa sababu unalinganisha nusu mbili na yale mambo mengine manne yanaleta kelele zake, yaani kupanda na kushuka kwa hesabu kusikohusu zawadi. Mwenye bajeti ya watu 400 asijisumbue.

Swali la waziwazi nalo usilitupe. Liulize mwishoni, kwa kundi la orodha fupi peke yake. Hao hawajalisikia bado lile jambo la tano.