Picha za familia ufukweni: amkeni mapema

Mkienda Diani au Paje sikukuu hii, picha pigeni saa 12:30 asubuhi. Huko jua linachomoza baharini, kwa hiyo wewe simama majini hadi vifundoni, familia iangalie bahari. Nyuso zinapata mwanga laini na minazi inabaki nyuma yao. Saa 7 mchana mchanga mweupe unamulika hadi kila mtu anakunja uso, na bibi aliyejitanda mtandio anatoka giza tupu.

Futa kwanza kioo cha kamera ya simu kwa ncha kavu ya kanga, isiwe na mchanga. Chumvi na mafuta ya nazi huacha ukungu. Mimi niliharibu picha za Idi nzima hivyo. Watoto waache wachimbe mchanga wao. Chuchumaa tu, upige usawa wa macho yao.