Fikasi ya bonsai Nyanda za Juu Kusini: lini ukate, lini uache

Kasoro inayoonekana zaidi kwenye fikasi za bonsai, yaani miti ya jamii ya mkuyu inayokuzwa ibaki midogo vyunguni, ni shina jembamba. Chanzo chake ni haraka: mti umehamishiwa chungu kidogo mapema, kisha ukapogolewa kila ulipochipua. Shina hunenepeshwa na majani mengi na mizizi yenye nafasi. Mkasi hauongezi unene.

Amua kwanza urefu unaoutaka. Mti wa sm 30 hupendeza shina likiwa na kama sm 5 pale chini. Hadi ufikie hapo, upande ardhini au kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa, uuache urefuke hata mita mbili. Miaka mitatu hadi mitano itapita. Katika kipindi hicho ondoa tu matawi yanayobanana sehemu moja, maana huacha uvimbe usiofutika.

Kwa wakazi wa Mbeya, Iringa na hasa Njombe na Makete, kalenda ni muhimu kuliko mkasi wenyewe. Fikasi ni mti wa joto. Chini ya nyuzi 15 hudorora, na jalidi la Juni au Julai huua matawi machanga. Ukikata mwezi huo, kidonda kinakaa wazi bila kuchipua. Kazi nzito ifanyike kati ya mwisho wa Septemba na Desemba. Kuanzia Aprili weka mkasi pembeni, na usiku wa baridi ingiza mti ndani.

Shina likishanenepa, likate kwenye theluthi ya urefu unaokusudia: kwa mti wa sm 30, ni sm 10 kutoka udongoni. Kata mlalo, na uache sm 2 za ziada, kwa sababu fikasi hukauka kidogo kushuka chini ya kidonda. Machipukizi yakishatoka, chagua moja lenye nguvu liwe kilele kipya, ndipo ukate mshazari nyuma yake. Liache likue bila kuguswa hadi likaribie theluthi mbili za unene wa shina, kisha rudia. Hivyo ndivyo shina linavyopungua unene taratibu kwenda juu.

Utomvu mweupe utatiririka. Huwasha ngozi na ni hatari machoni. Vaa glavu, nyunyizia kidonda maji, futa kwa kitambaa. Kidonda kipana kuliko kidole kipake nta ya kupandikizia.

Kwenye matawi, subiri chipukizi lifikishe majani sita hadi nane, kisha lirudishe kwenye majani mawili. Usikate tawi likabaki halina jani hata moja, hasa kwa benjamina, aina ya fikasi yenye majani madogo: mara nyingi tawi hilo hufa lote. Kilele kina nguvu kuliko matawi ya chini, hivyo juu pogoa mara kwa mara, chini acha yakimbie hadi yanenepe. Wengi hufanya kinyume, kisha hushangaa kwa nini matawi ya chini yanakauka.

Waya wa alumini wa mm 1 hadi 3 unatosha kuelekeza matawi. Ukague kila wiki msimu wa mvua, maana fikasi hunenepa upesi na waya huzama kwenye gome. Ukianza kubana, ukate vipande vipande. Usiufungue kwa kuuzungusha, utavunja tawi.

Udongo wa chungu usiwe mfinyanzi. Yale mawe mepesi ya volkano ya upande wa Rungwe, yanayoelea majini, ni hazina: yaponde, yachekeche upate punje za mm 2 hadi 6, changanya sehemu tatu na moja ya mboji. Hamisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, mwezi Oktoba au Novemba, ukipunguza theluthi ya mizizi. Mizizi minene inayoshuka wima ndiyo ya kukata. Ile iliyotandaa pembeni iache.

Kuondoa majani yote ili mapya yawe madogo ni kwa mti wenye afya tu, mara moja kwa mwaka, na kamwe si mwaka uliokata mizizi. Kata jani, acha kikonyo, kitadondoka chenyewe.

Majani machanga yakijikunja kwa urefu kama yamefungwa, yafungue: ukikuta vijidudu vyeusi vyembamba, ni vithiripi. Chuma majani hayo uyachome. Dawa ya kupulizia haivifikii vikiwa humo ndani.