Umeajiriwa mwanasheria wa kampuni ya ujenzi? Anza na kalenda

Mwaka wangu wa kwanza katika kampuni ya ujenzi wa barabara nilipoteza dai ambalo lilikuwa halali kabisa. Ekskaveta ilikuwa inachimba msingi wa daraja, ikagonga mwamba ambao ripoti ya udongo haikuutaja. Kazi ya siku tisa ikala wiki saba. Mimi nilikuwa ofisini, ghorofa ya nne, nasahihisha mkataba wa kukodi magari. Habari za mwamba nilizipata kwa mhasibu, aliyekuja kuuliza kwa nini bili ya dizeli imepanda namna ile. Nilipohesabu, ilikuwa siku ya 34.

Mkataba wetu ulikuwa wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri linalotoa mikataba ya mfano ya ujenzi; wetu ni ule uitwao Kitabu Chekundu, toleo la 1999. Kifungu cha 20.1 kinamtaka mkandarasi, yaani sisi, ampe Mhandisi (anayesimamia mkataba kwa niaba ya mwenye mradi) notisi ndani ya siku 28 tangu ajue, au tangu alipopaswa kujua, jambo linalomfanya adai. Zikipita, hapati nyongeza ya muda wala ya pesa. Meneja wa mradi alinishangaa: "Wakili, mwamba si tuliuzungumza kikaoni? Mhandisi mwenyewe alisimama juu yake!" Kweli alisimama, na picha ipo. Barua ndiyo haikuwapo.

Ukitoka mahakamani unakuja na mazoea ya kusubiri mteja alete faili. Huku faili haliletwi. Unalijenga mwenyewe kazi ikiwa inaendelea, kwa vitu ambavyo wanaoviandika hawajui kuwa ni ushahidi: daftari la saiti, orodha ya mitambo iliyolala, kipimo cha mvua, picha yenye tarehe.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usijifungie na sheria. Chukua mkataba wa mradi mkubwa kuliko yote na usome masharti maalumu (yaliyoandikwa kwa mradi huo tu) kabla ya masharti ya jumla (yale ya kitabu chenyewe), maana masharti maalumu ndiyo yanayoshinda yakigongana, na humo ndimo mwajiri, yaani mwenye mradi, anamofichia mambo. Nimewahi kukuta siku 28 zimegeuzwa 14 kwa mstari mmoja katikati ya ukurasa wa bima. Shika penseli, zungushia kila penye idadi ya siku. Hiyo ndiyo kalenda yako. Iingie notisi, iingie maelezo kamili ya dai (siku 42 kwa toleo la 1999, siku 84 kwa la 2017), muda wa kulipwa hati za malipo, bima, na dhamana zote. Isikae kwenye kompyuta yako peke yako, kwani utaugua na utaenda likizo.

Halafu nenda saiti. Sisemi ile ziara ya kofia mpya na picha na mkurugenzi. Fika asubuhi kabla watu hawajatawanyika, ukae na msimamizi wa zamu na mkadiriaji majenzi. Usiwaulize kama kuna dai lolote, watakwambia hakuna. Uliza: "Jana mtambo gani ulisimama, na ulisimama kwa nini?" Hapo yanatoka yote: mchoro uliochelewa, eneo ambalo halijakabidhiwa, bomba lisilokuwa kwenye ramani. Uliza pia nani kawaagiza kuhamisha kalavati, na kama aliagiza kwa mdomo. Wengi hawajui kwamba kwa kifungu cha 3.3 cha Kitabu kile kile, ukithibitisha agizo la mdomo kwa barua ndani ya siku mbili za kazi, na Mhandisi asilikatae kwa maandishi ndani ya siku mbili nyingine za kazi, linahesabika kuwa agizo la maandishi. Mimi sehemu hii niliichapa kwa herufi kubwa nikaibandika juu ya birika la chai la saiti.

Notisi yenyewe wafundishe waiandike wao. Wanaogopa kwa sababu wanadhani lazima iwe na Kiswahili cha mahakamani. Mistari minne inatosha: "Hii ni notisi chini ya kifungu cha 20.1. Tarehe hii, kwenye nguzo ya pili ya daraja, tumekuta mwamba ambao mkandarasi mzoefu asingeweza kuutarajia. Tunaona tunastahili nyongeza ya muda na malipo. Maelezo yatafuata." Toleo la 2017 linataka barua ijitaje wazi kuwa ni notisi, kwa hiyo kichwa kisisahaulike. Na kabla haijatumwa, meneja ampigie simu Mhandisi amwambie inakuja. Notisi si tusi, ila ukiipokea ghafla inafanana nalo. Yule meneja wa mwamba alinipigia miaka miwili baadaye, saa nne usiku: "Wakili, nimeshaandika, nikusomee?" Alikosea namba ya kifungu tu.

Dhamana za benki, yaani ahadi za benki kumlipa mwajiri mkandarasi akishindwa, zitazame kama unavyotazama maziwa jikoni. Dhamana inayolipwa kwa kudaiwa tu haihoji nani mkosaji. Makaratasi yakikamilika, benki inalipa. Muda wake ukikaribia kwisha, mwajiri ataiandikia benki: ongeza muda au lipa. Hapo mkurugenzi wako atakasirika na kutaka mkimbilie mahakamani. Ongeza muda kwanza, mgombane baadaye.

Kuhusu wakubwa: usiku wa kuamkia zabuni utaletewa mkataba saa tano, saini inahitajika saa mbili asubuhi. Ukisema "hapana" watakupita. Taja bei. Mimi husema: "Fidia ya ucheleweshaji humu haina kikomo. Tukichelewa siku 100 ni pesa hizi. Ziwekeni kwenye zabuni au tuombe kikomo." Mkubwa hukusikiliza ukija na tarakimu.

Chunga pia unachoandika. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba, katika uchunguzi wa Tume ya Ulaya kuhusu ushindani, mawasiliano ya kampuni na wakili wake iliyemwajiri hayana kinga ya siri. Sheria za nchi zinatofautiana, lakini baruapepe isemayo "kusema kweli tulichelewa wenyewe" haifai kuwepo popote. Piga simu.

Mgogoro ukifika kwenye bodi ya usuluhishi (jopo linaloamua migogoro chini ya mkataba), mawakili wa nje wataingia na wewe utakuwa mpeleka makaratasi kwa miezi kadhaa. Kubali. Jukumu moja usiwaachie: bodi ikishatoa uamuzi, kuna siku 28 za kutoa notisi ya kutoridhika. Mkikaa kimya pande zote mbili, uamuzi unakuwa wa mwisho. Nimeshuhudia mawakili watatu wa nje, kila mmoja akidhani mwenzake ameshaituma. Niliituma mimi, siku ya 26, kwa dereva, na akarudi na nakala yenye muhuri wa mapokezi.