Jinsi ya Kufuatilia Historia ya Chaneli ya Filamu za Kichina Iliyofungwa
Anza na leseni ya utangazaji, kwa kuwa kumbukumbu zake hutunza tarehe kwa uangalifu kuliko matangazo ya biashara: huko Hong Kong, televisheni ya kulipia iliyoanza mwaka 1993 kwa jina la Wharf Cable, ambayo baadaye ilijulikana kama i-Cable, ilizima huduma hiyo tarehe 1 Juni 2023 baada ya kurudisha leseni. Kisha mtafute mwenye maktaba ya filamu, na hapo usiharakishe. Kampuni ya Celestial Pictures ilinunua filamu zaidi ya 760 za Shaw Brothers, studio ya filamu ya Hong Kong, kabla ya kuzindua chaneli ya Celestial Movies mwaka 2003. Chaneli inaweza kufungwa, ilhali haki za filamu zikaendelea kuuzwa kwingine. Mabadiliko ya majina yaandike pembeni, kwani hupotosha wengi.