Nazi ya paketi ikamue kwa maji ya moto

Kwa walio kwenye baridi (mimi nipo Ujerumani) na wali wa nazi unatoka mweupe lakini ladha hamna: tatizo ni maji ya bomba. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi. Dar maji yenyewe yana joto la kutosha, huku yanatoka baridi kali, kwa hiyo mafuta yanabaki kwenye machicha na unayatupa.

Chukua gramu 200 za nazi kavu iliyosagwa, mimina nusu lita ya maji ya moto, funika dakika 10. Yakipoa kiasi cha mkono kuvumilia, saga kwenye blenda dakika moja, kisha kamua kwa kitambaa safi, maana kifumbu utakipata wapi. Usisage yakiwa yanachemka, mvuke utarusha kifuniko, na kupangusa tui ukutani si kazi ndogo. Rudia na maji kidogo upate tui jepesi la kuchemshia mchele. Lile zito weka mwishoni.

Njia hii haifui dafu kwa nazi iliyopunguzwa mafuta, na ile yenye sukari itakuharibia samaki wa kupaka, kwa hiyo soma paketi kwanza. Tui likilala kwenye friji litaganda juu kama samli. Halijaharibika, lipashe tu polepole huku unakoroga.