Jinsi ya kuripoti Drag Week na mbio za aina yake: mwongozo wa mwandishi na mpiga picha

Mdogo wangu anayeishi Ohio amepata nafasi ya kuripoti mbio za magari ya mtaani zile za kusafiri wiki nzima, na kwa siku kadhaa tumekuwa tukikesha kwenye simu nikimwelekeza. Nimeona niyaandike yale niliyomwambia, kwa sababu vijana wetu walioko Marekani wenye kamera na mapenzi ya magari ni wengi, na kazi hii kwa Kiswahili haijaelezwa vya kutosha.

Kwanza ujue mbio zenyewe. Mwaka 2005 jarida la Hot Rod, chini ya mhariri David Freiburger, lilianzisha Drag Week ili kumaliza ubishi wa siku nyingi: gari lipi la mtaani ndilo lenye kasi kuliko yote? Wengi walikuwa wakidai magari yao ni ya mtaani ilhali yanafika uwanjani yamepakiwa juu ya trela. Kanuni ya Drag Week ikawakata maneno. Siku tano unakimbia robo maili, yaani mita 402, kwenye njia iliyonyooka, na kati ya uwanja na uwanja unaliendesha gari lile lile barabarani, jumla zaidi ya maili 1,000, kama kilomita 1,600 hivi. Gari la msaada haliruhusiwi kukufuata. Jeki, spana, vipuri na tairi za mbio unabeba mwenyewe, ndani ya gari au kwenye kitrela kinachovutwa na gari hilo hilo.

Ukiielewa kanuni hiyo umeshajua habari iko wapi. Iko barabarani. Uwanjani utapata picha kali na namba, lakini anayeshinda Drag Week anashinda kwa kufika. Ripoti iliyojaa moshi wa tairi tupu imeacha nusu ya mbio nje, na nusu yenyewe ndiyo kubwa.

Hatua ya 1: Ruhusa

Mwandikie mwandaaji mapema, umtumie kazi zako tatu au nne bora, umwambie utachapisha wapi. Ukifika utasaini hati ya kukubali hatari na kupewa fulana ya waandishi. Vaa viatu vya kufunika mguu mzima, ubebe na vizibo vya masikio.

Hapa pana jambo la kulifahamu. Katika mbio hizi jarida mara nyingi ndilo mwenyeji. Hot Rod inaripoti Drag Week iliyoianzisha yenyewe. Australia, Street Machine inaripoti Drag Challenge iliyoanza 2014. Tom Bailey, dereva aliyewahi kuishinda Drag Week, alianzisha Sick Week mwaka 2022 katika majimbo ya Florida na Georgia, na ana jarida lake pia. Mwenyeji hawezi kuandika sana juu ya foleni iliyochelewa au uwanja ulioandaliwa vibaya. Wewe wa nje unaweza. Itumie nafasi hiyo kwa haki, bila kumkomoa mtu.

Hatua ya 2: Chagua magari machache

Washiriki ni mamia. Huwezi kuwafuata wote, na anayejaribu hurudi na picha elfu za magari asiyoyajua. Soma orodha ya washiriki na madaraja yao, kisha chagua matano au sita. Moja liwe la wanaowania ushindi wa jumla katika daraja la Unlimited. Moja litoke Daily Driver, daraja la chini kabisa kwa kasi. Moja liwe na injini isiyo ya kawaida. Moja liwe la watu wa nyumba moja, mke na mume au mzazi na mwanawe, kwa kuwa ndani ya gari lisilo na kiyoyozi, kwenye joto la Septemba, hao ndio watakaokupa maneno.

Kanuni za usalama za NHRA, chama cha mbio hizi za Marekani, nazo zisome. Magari mengi ya kumaliza robo maili kwa sekunde 9.99 au pungufu, ukiacha baadhi ya magari mapya ya kiwandani, yanatakiwa yawe na fremu ya mabomba ya kumkinga dereva. Ukilijua hilo, ukichungulia tu ndani ya gari utajua mwenyewe ametarajia nini.

Hatua ya 3: Vifaa

Kamera mbili, moja na lenzi ya 70-200, nyingine 24-70. Basi. Droni iache nyumbani, viwanja vingi havitakuruhusu na picha zake zote zinafanana. Chukua daftari dogo la jalada gumu na penseli. Nasisitiza penseli: wino unayeyuka ukikutana na mafuta na jasho, na kinasa sauti kando ya injini yenye turbo mbili hakikuletei kitu ila ngurumo.

Hatua ya 4: Saa na namba

Hapa tutakaa. Hatua hii ndiyo iliyowahi kunila usiku mzima nikilinganisha picha na matokeo, na ndiyo inayotofautisha ripoti ya kuaminika na albamu ya picha.

Kila gari likimaliza mbio, dereva hupewa karatasi ya muda kwenye kibanda kilicho kando ya njia ya kurudi. Karatasi hiyo ina muda wa kuitikia taa za kuanzia, muda wa futi 60 za mwanzo (mita 18), muda na kasi katikati ya njia, kisha muda na kasi ya mwisho. Ina leni ya kushoto na ya kulia, namba za magari, na kwa kawaida tarehe na saa. Saa hiyo ndiyo kamba ya kufungia picha zako na matokeo.

Lakini kila uwanja una kompyuta yake, na saa yake haikubaliani na ya uwanja wa jana. Usiibadilishe saa ya kamera kila siku kuifuata. Asubuhi omba karatasi ya kwanza utakayoiona, ipige picha mara tu inapotoka, kisha andika daftarini: "Jumatatu, uwanja mbele dakika 4." Tofauti hiyo utaitumia usiku. Ukiwa na kamera mbili, zilinganishe zenyewe kwa zenyewe hadi sekunde kabla hujatoka hotelini.

Kuna kanda za saa pia. Njia ya mbio inaweza kukutoa Illinois ikakuingiza Indiana, na hapo umepoteza saa nzima. Simu yako itajibadilisha yenyewe, kamera haitajibadilisha. Ziache kamera kwenye saa za mahali pa siku ya kwanza hadi wiki iishe, na picha za simu ziweke folda yake peke yake. Ukiandika saa daftarini, iandike kama ilivyo kwenye karatasi, 09:40 au 15:05. Kwa mazoea yetu mkono unataka kuandika saa tatu na dakika arobaini, na siku mbili baadaye hutajua ni tatu ipi.

Sasa namba. Kila gari lina namba ya mshiriki kwenye kioo. Kila ukimaliza kupiga mbio moja, piga picha moja ya namba ya gari la kushoto na moja ya la kulia, daima kwa mpangilio huo huo. Usitegemee rangi ya gari. Camaro za mwaka 1969 zitakuwepo za kutosha kukuchanganya, na zingine zitabadilisha boneti katikati ya wiki baada ya kupasuka.

Kisha uwe makini na hili kuliko yote: muda unaoonekana kwenye ubao wa uwanja si lazima ndio utakaohesabiwa. Dereva anaweza kukimbia zaidi ya mara moja kwa siku, akachagua karatasi ya kukabidhi. Akishaikabidhi siku yake ya uwanjani imekwisha, anashika njia. Kwa hiyo wanaowania ushindi hukaa na karatasi mkononi, wakipiga hesabu: niridhike na hii, au nirudi foleni nihatarishe injini? Simama karibu na meza ya makabidhiano. Ukiona mtu anaangalia karatasi, anaangalia anga, anaangalia gari lake, muulize anafikiria nini. Hapo ndipo mbio zinapoamuliwa, na wapiga picha wengi wakati huo wako mstari wa kuanzia.

Matokeo ni wastani wa siku tano. Chukua mfano wa kubuni. Gari la kwanza linapata 7.10, 7.05, 7.40, 7.20 na 7.15, wastani 7.18. La pili linapata 6.80, 6.75, 6.85, 6.90, halafu siku ya tano giaboksi inagoma, dereva anavuka mstari akiwa amebakiwa na gia moja kwa sekunde 12.00. Wastani wake 7.86. La pili lilikuwa na kasi zaidi siku nne kati ya tano, na limeshindwa. Asiyekabidhi karatasi kabisa ameondoka mbioni. Kila usiku chora jedwali la magari yako: gari, muda uliokabidhiwa, wastani hadi leo, kilichoharibika. Usilale kabla ya jedwali.

Na ukitaja rekodi, taja pia mahali. Mwaka 2014 pikapu aina ya S-10 ya Larry Larson ilikimbia sekunde 5.95, lakini haikuwa ndani ya Drag Week. Wa kwanza kushuka chini ya sekunde 6 katika Drag Week yenyewe ni Tom Bailey, mwaka 2019. Ukizichanganya hizo mbili, wasomaji wa mbio hizi watakusahihisha kabla chai haijapoa.

Hatua ya 5: Uwanjani

Kaa nyuma ya ukuta, msikilize anayeruhusu magari kuondoka. Gari linaloondoka na kunyanyua magurudumu ya mbele lipige kwa 1/1000 ya sekunde. Picha ya ubavuni, gari likipita, 1/160 na mkono ulio tayari. Kuanzia mita mia hivi mvuke wa joto juu ya lami unaharibu kila kitu, hivyo usijaze kadi ya kamera bure. Picha kumi nzuri za uwanja kwa siku zinatosha. Ondoka mapema.

Hatua ya 6: Barabarani

Waandaaji hutoa karatasi ya njia, na ndani yake kuna vituo ambapo kila mshiriki lazima apige picha gari lake kuthibitisha kuwa amepita. Njia huchaguliwa makusudi iwe ya barabara ndogo za mashambani na miji midogo. Ifuate hiyo hiyo. Mwandishi anayepita barabara kuu ili awahi hoteli ameikimbia habari.

Anza kwenye maegesho kabla hawajaondoka. Hapo utaona mageuzi ya gari: tairi zisizo na kashata zinavuliwa, za barabarani zinafungwa, mafuta ya mbio yanatolewa na ya kawaida kuingizwa, na kompyuta ya injini inapewa mipangilio mipole zaidi. Piga picha ya vitu vilivyopangwa chini kabla havijapakiwa. Picha ya vipuri vilivyobebwa inaeleza hofu ya dereva vizuri kuliko mahojiano. Aliyebeba gaskiti mbili za silinda hedi anajua anachokiogopa.

Njiani simama vituo vya mafuta. Gari lenye nguvu za farasi 2,000 linakunywa sana na tangi lake ni dogo, kwa hiyo litasimama tena na tena. Wenyeji watatoka na watoto wao kuangalia, na hizo ndizo picha ambazo mhariri atazigombania.

Ukikuta gari limeharibika kando ya barabara, zima gari lako mbali na lami, washa taa za tahadhari, msalimie mwenye gari kwanza na umuombe ruhusa kabla ya kuinua kamera. Akikataa, weka kamera chini. Akikubali, fuata mikono zaidi ya uso. Jambo moja lenye ubishi ni kusaidia. Kanuni zinawaruhusu washiriki kusaidiana, na utamwona mpinzani akimpa mpinzani wake pampu ya maji. Wewe si mshiriki. Kumulikia tochi au kumpa mtu maji ya kunywa ni utu, lakini usimpakie dereva kwenda dukani kununua kipuri na usimbebee chochote. Msaada wa nje unaweza kumwondoa mbioni mtu aliyefanya kazi mwaka mzima.

Kupiga gari likiwa linatembea kutoka gari lingine: awepo dereva mwingine, ufunge mkanda, upige kutoka dirisha la nyuma, 1/80 hadi 1/100, barabara ikiwa tupu. Usiku sahau.

Hatua ya 7: Kila usiku

Habari ya mtandaoni itoke usiku ule ule: picha ishirini, aya nne, jedwali lako. Nani anaongoza, nani ametoka, nani bado yuko njiani. Zima kompyuta, lala.

Hatua ya 8: Makala ya jarida

Toleo la karatasi hufika kwa msomaji miezi kadhaa baadaye. Mshindi ameshajulikana, video zimeshatazamwa. Tena kurasa zenyewe zimepungua: Desemba 2019 kampuni iliyokuwa ikimiliki Hot Rod ilisitisha matoleo ya karatasi ya majarida yake 19 kati ya 22, Car Craft ikiwemo. Hot Rod, lililoanzishwa na Robert E. Petersen mwaka 1948, lilinusurika. Kwa hiyo usimletee mhariri matokeo. Mletee gari moja au mawili kati ya yale uliyoyafuata, siku kwa siku, hasa usiku wa tatu, kwa kuwa hapo ndipo uchovu unapowafanya watu wasahau kukaza nati.

Maelezo chini ya kila picha yawe na mwaka na aina ya gari, injini, daraja, muda uliokabidhiwa na wastani. Jina la dereva linakili kutoka orodha rasmi, herufi kwa herufi. Kabla ya kutuma, kaa na matokeo rasmi upande mmoja na jedwali lako upande wa pili. Palipotofautiana, fungua picha ya karatasi ya muda.