Siku ya zege na siku ya tofali: namna ya kuongoza mafundi saiti

Msimamizi anayewaongoza wote kwa namna moja, tangu msingi hadi paa, ataharibu kazi au atawaharibu watu. Kabla hujamkabidhi mtu kazi, jiulize: kazi hii hii ameshaifanya ikatoka sawa? Na akikosea, kosa linarekebishika? Usiangalie umri. Fundi aliyejenga kuta miaka 20 anaweza kuwa mgeni kabisa kwenye marumaru, na huko unamfundisha kwa heshima, bila kuruka hatua.

Zege la slabu, yaani sakafu ya juu inayomwagwa juu ya mbao, halina mjadala siku yenyewe. Tofali lililopinda unaling'oa kabla udongo haujakauka. Zege likishashika, dawa yake ni nyundo. Mjadala fanyeni jana yake jioni. Kaa na fundi nondo na seremala, waulize mirunda ipi, zile nguzo zinazobeba mbao, inacheza, biskuti (vipande vidogo vya zege vya kuinulia nondo) zimekaa chini ya nondo zote au kuna mahali nondo zimelalia mbao. Wasikilize kweli, maana wao ndio waliofunga. Asubuhi, kabla mashine haijawashwa, watangazie wote: leo maagizo yanatoka kwa mtu mmoja. Taja na vipimo: kila mfuko wa simenti wa kilo 50, maji lita 25 hadi 30, na hakuna wa kuongeza hata kopo bila ruhusa. Zege zito linachosha mikono, kwa hiyo maji yataombwa tu. Ukilegea, uimara unashuka na hutaurudisha. Agiza kwa maneno machache, ukimtaja mtu. "Jamani, harakisheni" kila mmoja anadhani anaambiwa mwenzake. "Juma, sogeza vaibreta kona ile", ile mashine ya kutikisa zege lishikane, inafanyika papo hapo.

Kosa linaloumiza saiti nyingi ni kubaki na sauti hiyo wiki nzima. Anayefokewa huficha. Mbao zikifunguliwa na boriti ikaonekana ina matundu, atayaziba kwa plasta kabla hujafika, na nondo zitaanza kula kutu humo ndani. Kwa hiyo zege likiisha, washukuru, sema wazi kwamba kuanzia kesho mtu aulize na apinge. Kisha panga zamu ya kumwagilia zege maji kwa siku 7 zisizopungua, wao wenyewe wakichagua nani asubuhi, nani jioni.

Saidia fundi anayejifunza kujenga mpe katikati ya ukuta. Kona aziinue mzoefu, kwa sababu uzi unafungwa huko. Mwonyeshe kozi (mstari wa tofali) ya kwanza, ya pili mjenge pamoja, ya tatu ajenge peke yake. Ukija kukagua, mkabidhi pima maji umuulize anaona nini kabla hujasema lolote. Ukimnyang'anya mwiko kila anapopinda, atazoea kukungoja.

Aliyethibitika mpe ramani na tarehe, umwache. Kitu kimoja tu usiache kukagua: kazi itakayofunikwa, kama mabomba ya ndani ya ukuta. Mwambie mapema, "Fundi, nakuja saa nane, usipige plasta kwanza," asije akaona unamvizia.

Huyo naye akianza kuchelewa au kulipua kazi, usikimbilie kumsimamia kama kibarua mpya. Mvute pembeni, muulize amekwama wapi, na kwanza kabisa hakikisha malipo yake ya wiki iliyopita yalifika.